Wiki tatu Malawi na shanta mgongoni: hela yangu ilikokwenda, siku kwa siku

Shanta wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niliahidi kwenye uzi mmoja humu kwamba nikirudi Malawi nitaweka hesabu yote wazi. Nimerudi, nimelala siku mbili, nimefungua daftari, na leo naandika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome baadaye.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina kaduka ka vifaa vya shule na fotokopi hapa Tabata. Sina ndugu Malawi, wala sikwenda kuchukua mzigo. Nilitaka tu kuiona nchi ya watu ambao nimewasikia tangu utoto kwa bibi yangu aliyezaliwa Kyela. Hela ilitoka kwenye mchezo: tupo wanawake kumi, kila mwezi 150,000, zamu yangu ikaangukia Mei 2024. Nikapokea 1,500,000. Nikajiambia, hii ndiyo safari, na sikopi hata mia ya mtu.

Nimetumia 1,192,000 kwa siku 21, kutoka mlangoni Tabata mpaka mlangoni Tabata. Pasipoti haimo, nilikuwa nayo tayari (150,000, unatembea nayo miaka 10, kwa hiyo msiitwike safari moja mzigo wote). Begi nalo halimo: nililipata Karume kwenye mitumba, 45,000, zipu nzima, mikanda ya kiunoni ipo. Nilizunguka Jumamosi tatu kabla sijalipata, na kila nikilivaa nilikuwa naona ile jasho imelipa.

Sasa kilichonifanya niandike. Kabla sijaondoka nilipanga bajeti kama wengi wetu tunavyopanga: kitanda kiasi gani, chakula kiasi gani, zidisha mara siku, ongeza nauli ya kwenda na kurudi, basi. Na kwenye karatasi nilikuwa nimeandika sehemu kumi na moja: Karonga, Livingstonia, Nyika, Mzuzu, Nkhata Bay, kisiwa cha Likoma, Nkhotakota, Lilongwe, Cape Maclear, Zomba, Mulanje. Kumi na moja kwa wiki tatu! Nilizitaka zote.

Bahati yangu ni lile daftari. Ni daftari la kurasa 40 kutoka dukani kwangu, nikalipiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto nikaandika KUKAA, kulia KUHAMA. Siku niliyoamka na kulala sehemu ileile, kila nilichotumia kinaenda kushoto. Siku niliyobeba begi kuhamia sehemu nyingine, kila kitu kinaenda kulia, hata soda. Siku ya nane nilikaa kibarazani Nkhata Bay nikajumlisha kwa mara ya kwanza. Kulia kulikuwa kumejaa. Kushoto kulikuwa na mistari michache ya mwandiko mdogo.

Usiku huohuo nikafuta Likoma, Nyika, Nkhotakota, Zomba na Mulanje.

Mwisho wa safari hesabu ilisimama hivi: siku za kukaa zilikuwa 11, zikala 385,000. Siku za kuhama zilikuwa 10, zikala 807,000. Yaani siku ya kukaa ni 35,000, siku ya kuhama ni kama 80,000. Nusu ya siku zangu imekula theluthi mbili ya hela yangu.

Mtu atasema ni kwa sababu ya nauli tu, na nauli kweli ni 420,000 kwa ujumla, ukihesabu na lile basi la moja kwa moja Lilongwe hadi Dar la 150,000. Lakini angalieni zaidi ya nauli. Ukihama unakula barabarani kwa bei ya barabarani. Unafika mji usioujua saa mbili usiku, huwezi kuzunguka kutafuta kitanda cha bei nafuu, unachukua cha kwanza. Unalala mji wa katikati ambao hukuja kuuona, kama mimi nilivyolala Lilongwe mara mbili kwa 30,000 kila mara, kwa sababu basi la kuendelea lilikuwa asubuhi. Unanunua maji ya chupa. Unampa kijana wa baiskeli akusogezee begi. Chakula changu siku ya kukaa kilikuwa 9,000, siku ya kuhama 17,000, na tumbo ni hilohilo.

Njia yangu niliyoifuata: Dar hadi Mbeya kwa basi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, 55,000, nikalala gesti 20,000. Kesho yake Coaster ya Tukuyu hadi Kasumulu, 10,000, na bodaboda ya kumalizia 2,000. Ukivuka mto Songwe pale mpakani unachukua teksi ya kushirikiana hadi Karonga, nililipa kama 8,000 kwa hela yetu. Karonga usiku mbili. Kisha Chitimba, kisha Livingstonia usiku tatu. Mzuzu usiku mmoja. Nkhata Bay usiku sita. Lilongwe usiku mmoja, Cape Maclear usiku nne, Lilongwe tena usiku mmoja, na usiku wa mwisho ndani ya basi. Vitanda vyote kwa jumla 409,000, chakula 268,000, na mengineyo 95,000. Humo kwenye mengineyo kuna laini ya simu na bando, viingilio, mtumbwi, dawa, kijana aliyenibebea begi kupanda Livingstonia, na 18,000 niliyopoteza mpakani. Hilo la mpakani nitalieleza.

Nawasilisha. Ulizeni, nitajibu kila mtu.

fundi_umeme_Kigogo

Dada hongera, huu ndio uzi sasa. Swali la kwanza la kila mtu: viza je? Na hela ulibeba vipi, dola au shilingi?

Shanta wa Tabata

Viza Mtanzania hahitaji kuingia Malawi. Unagongewa muhuri mpakani. Lakini soma siku ulizoandikiwa kabla hujaondoka dirishani, usije ukapanga mwezi na nusu kumbe una siku 30. Na kadi ya njano ya homa ya manjano nenda nayo. Ukishachanjwa kadi hiyo sasa hivi haina mwisho, ni ya maisha, kwa hiyo nayo usiitwike safari moja.

Hela. Niligawa mafungu matatu. La kwanza, nauli ya kurudi, 150,000, nilishonea mfuko ndani ya gauni nikausahau hadi siku ya 19. Hili sikulitoa kwenye bajeti kama "akiba", nililichukulia kama hela ambayo imeshatumika. La pili dola, nilizinunua kwenye biro ya kubadilishia fedha hapa mjini kabla ya safari, noti mpya zisizokunjwa wala kuandikwa, maana noti chakavu wengi wanazikataa. La tatu shilingi za kufikia mpakani na za siku mbili za mwanzo.

Lakini jambo la kwacha lazima nilieleze vizuri, maana ndilo linaloharibu bajeti za watu. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliishusha kwacha kwa asilimia 44 kwa siku moja, kutoka kama 1,180 kwa dola hadi 1,700. Mimi nilipokwenda ilikuwa inakaribia 1,750. Kwa hiyo ukimwuliza mtu aliyekwenda 2022 akakwambia chakula kilikuwa kwacha kadhaa, hiyo namba haikusaidii kitu. Waulize walikula nini na walilala wapi, bei katafute mwenyewe.

Tena kuna bei ya benki na bei ya mtaani, na ya mtaani iko juu. Bidhaa nyingi madukani zinafuata ile ya mtaani. Hiyo maana yake ukitoa hela kwa kadi kwenye mashine ya benki unapewa kwacha chache kwa dola yako, halafu unanunua kwa bei za walioipata kwa wingi. Mimi bajeti yangu yote niliipiga kwa bei ya benki. Kwa bei hiyo kwacha 1,000 ilikuwa kama shilingi 1,500. Ukipanga kwa bei ya juu na usiipate, umekwama ugenini.

Binti Kurasini

Dada Shanta, hiyo 18,000 ya mpakani ilipoteaje? Mimi naogopa sana vijana wa kuchenji.

Shanta wa Tabata

Mdogo wangu, ilikuwa hivi. Nimeshuka bodaboda, wamenizunguka vijana kama sita, kila mmoja na bunda mkononi. Ujue noti kubwa kabisa ya Malawi wakati ule ilikuwa kwacha 5,000, ambayo kwa bei ya benki ilikuwa kama 7,500 yetu, kwa hiyo hata hela kidogo ilikuwa bunda nene. Kijana akahesabu mbele yangu, haraka, kwa kidole gumba, noti zimekunjwa katikati. Noti iliyokunjwa katikati inahesabika mara mbili ukiishika upande wa mkunjo. Nikaona namba imetimia, nikapokea. Nilipokaa kwenye teksi nikazinyoosha moja moja kwenye paja, zikapungua. Nilikuwa nimeshavuka.

Kwa hiyo: hela ya kufikia Karonga tu ndiyo uchenji mpakani, kidogo, na uhesabu wewe kwa mkono wako, noti zikiwa zimenyooshwa, kabla hujatoa ya kwako mfukoni. Akikataa uhesabu, ondoka. Nyingine zote nenda nazo benki au biro mjini.

Dereva Mstaafu

Nimesoma yote. Mimi nimeendesha malori njia hiyo miaka mingi, Dar–Lilongwe na Dar–Lusaka, sasa nimepumzika Mbagala. Huyu binti anasema kweli kuhusu kuhama, ila naongeza jambo ambalo hajalisema wazi: mafuta. Malawi dizeli na petroli zinapotea mara kwa mara kwa sababu nchi inakosa dola za kununulia. Nauli uliyoambiwa jana inaweza isiwe ya leo. Ukiingia mji ukaona foleni ya magari na madumu kwenye kituo cha mafuta, ujue nauli ya kesho imepanda, na basi linaweza lisitoke kabisa. Kwa hiyo kwenye upande wa KUHAMA mtu aongeze theluthi ya ziada. Upande wa KUKAA hauhitaji.

Lingine, usimwulize kondakta nauli. Muulize mama aliyekaa na kikapu, yeye anapita kila wiki.

Na saa. Malawi wako nyuma yetu saa moja. Wapo watu wamefika stendi wakasubiri saa nzima gizani, na wengine wakirudi huku wameachwa na basi.

Shanta wa Tabata

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya theluthi naipokea kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe Mzuzu hadi Lilongwe nilikuwa nimeandika 30,000, nikalipa 40,000, na sababu ilikuwa hiyohiyo, mafuta.

Dereva Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ndivyo ilivyo.

Mnyaki wa Ipinda

Ndugu zangu, mtu wa Kyela akivuka Songwe hajaenda ugenini. Wanyakyusa huku, Wangonde kule Karonga, lugha tunasikilizana, majina yaleyale, migomba ileile. Na Kiswahili Karonga kinakwenda vizuri, masokoni hakuna shida. Dada bibi yako wa Kyela sehemu gani?

Kwa wanaokwenda mara ya kwanza, nashauri msiikimbie Karonga. Watu wanaiona kama stendi tu. Ni hapo pana makumbusho yenye mfano wa mifupa ya yule dinosaria aliyepewa jina la nchi, Malawisaurus. Na ni hapo Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili, alipigana na Waingereza mpaka akanyongwa mwaka 1895. Historia yetu sisi wa pwani na sisi wa huku juu inakutana pale.

Shanta wa Tabata

Bibi ni wa Matema kaka. Karonga nilikaa siku moja kamili na ni mojawapo ya siku zangu za bei nafuu kabisa, 29,000, na nilikuwa na la kufanya kutwa nzima. Makumbusho asubuhi, mchana ziwani, jioni mama mmoja aliyesikia lafudhi yangu akanikaribisha kula kwake na kukataa katakata hela yangu. Nikamnunulia wanawe madaftari.

Mwalimu wa Chanika

Mimi nina wasiwasi na afya. Nimesikia Ziwa Nyasa lina kichocho. Je, uliingia majini? Na uliweka fungu la hospitali?

Shanta wa Tabata

Mwalimu, kichocho kipo, hasa maeneo ya ufukwe wenye watu wengi na majani, na Cape Maclear imetajwa kwa miaka mingi. Niliingia majini, sikuweza kukaa siku nne mbele ya maji yale nisiingie. Niliogelea kutoka kwenye mtumbwi mbali na ufukwe, kwenye mawe, ambako wako wale samaki wadogo wa rangi wanaowaita mbuna. Hifadhi ya ziwa ya hapo Cape Maclear iko kwenye urithi wa dunia tangu 1984 kwa sababu yao.

Hata hivyo sijidanganyi kwamba mbali na ufukwe ni salama kabisa. Dawa yake, prazikwanteli, nitaimeza baada ya wiki sita kupita tangu nitoke majini, maana inaua minyoo iliyokomaa, ukiiwahi mno haikusaidii ipasavyo. Nitapima kwanza hospitali na kuwaambia nilikuwa wapi. Kwa hiyo kwenye bajeti andika kabisa: kipimo na dawa baada ya kurudi. Hiyo ni gharama ya safari hata kama unailipa ukiwa Dar.

Chandarua nilibeba changu. Hospitali sikuwa na fungu maalumu, nilikuwa na 308,000 iliyobaki kwenye mchezo, ipo benki, na kadi ninayo. Niliiona kama hela ya kuumwa tu. Imerudi nzima, imeshaingia kwenye mzigo wa muhula mpya.

Kipepeo Mweupe

Mimi naomba unielezee siku moja ya KUKAA. 35,000 na kitanda na kila kitu? Ulikuwa unakula nini jamani?

Shanta wa Tabata

Nikueleze siku ya kumi, Nkhata Bay, naisoma kutoka kwenye daftari. Kitanda kwenye chumba cha watu sita 20,000. Chai na maandazi mawili kibandani, 1,500. Usipa 3,000. Nyanya, kitunguu na unga, mchango wangu 2,500. Ndizi 1,000. Kuchaji simu bure, na soketi zao ni za pini tatu za bapa kama zetu, huhitaji kununua adapta. Jumla 28,000. Siku nyingine kulikuwa na bando, siku nyingine mtumbwi, ndiyo wastani ukafika 35,000.

Huo usipa ndio siri ya Nkhata Bay. Ni samaki wadogo wembamba kama dagaa, wanavuliwa usiku kwa taa. Asubuhi ukishuka ufukweni unakuta chanja za matete zimepangwa safu, usipa umetandazwa juu yake unang'aa kama karatasi za sigara, na kina mama wanapita wanaugeuza kwa viganja, polepole, ili usivunjike vichwa. Wanaouza wanapima kwa sahani. Mbichi ni rahisi kuliko mkavu kwa sababu lazima uuzwe siku hiyohiyo.

Hosteli ilikuwa na jiko la wageni. Siku ya pili pale nilikutana na mabinti wawili wanafunzi kutoka Mzuzu waliokuja mapumziko, tukaanza kupika pamoja. Wao walinifundisha nsima yao, laini kuliko ugali wetu, wanaichota kwa upawa wenye maji ikatoka vipande vipande vya mviringo. Mimi nikawapikia usipa kwa nazi, nazi niliyoitafuta soko zima. Ile nazi peke yake ilikuwa ghali kuliko usipa wote! Tukala watatu, tukafunika iliyobaki kwa ajili ya asubuhi.

Sasa ona: siku ya kwanza Nkhata Bay sikujua jiko lipo. Siku ya kwanza nilinunua sahani mgahawani. Mambo ya bei nafuu unayajua kuanzia siku ya pili, na ukihama kila baada ya siku mbili wewe kila siku ni mgeni wa siku ya kwanza.

Kipepeo Mweupe

Hapo kwenye mgeni wa siku ya kwanza nimekuelewa kabisa. Nimenakili.

Baba Wawili

Sisi ni mume na mke na watoto wawili, miaka 7 na 4. Tunatamani Desemba. Hiyo hesabu nizidishe mara nne?

Shanta wa Tabata

Kaka usizidishe mara nne, kila upande una hesabu yake. Upande wa KUKAA, chumba cha familia hakifiki vitanda vinne, na jikoni sufuria ni moja, labda utazidisha mara mbili na nusu. Upande wa KUHAMA ndio unakuja na idadi ya watu. Kitanda mnagawana, kiti cha basi hamgawani, mdogo utampakata ila yule wa miaka 7 atalipiwa. Kwa hiyo familia ihame mara chache kuliko mimi. Ningekuwa nyinyi ningekwenda Karonga siku mbili na Nkhata Bay siku kumi, nikarudi.

Desemba lakini ni mvua. Mimi nilikwenda Juni mwishoni hadi Julai, hakuna mvua, ila Livingstonia usiku baridi kweli, leteni masweta. Na ziwani upepo wa mwera unavuma siku mbili tatu mfululizo, mawimbi yanakuwa makubwa, mitumbwi haitoki. Hata jina la upepo ni lilelile, mwera.

fundi_umeme_Kigogo

Samahani dada, mimi nasema kwa nia njema. 1,192,000 ni hela. Mtu angeweka bati, angeongeza mzigo dukani. Unaona ililipa?

Shanta wa Tabata

Sijakasirika kaka, mama yangu aliniuliza hivyohivyo.

Nitakujibu kwa Livingstonia. Kutoka Chitimba barabarani hadi juu ni mlima, unapanda kama mita 900 kutoka ziwani, barabara ya vumbi na kona ishirini kali. Wamisheni wa Kiskoti chini ya Robert Laws walihamia pale juu mwaka 1894 kwa sababu chini ziwani malaria iliwamaliza. Nilipanda kwa miguu na kijana wa pale, nikamlipa 12,000 abebe begi na anionyeshe njia za mkato. Tulitumia kama saa tano njiani. Kona ya mwisho tukakaa. Ziwa lote chini yako, na upande wa pili, siku ile hapakuwa na ukungu, ikaonekana milima ya kwetu. Yule kijana akanyoosha kidole akasema, "Tanzania." Nilisimama pale muda mrefu. Bibi yangu alikua kwenye ukingo wa ziwa hilohilo, akaniambia kila siku ng'ambo kuna watu, na hakuwahi kuvuka.

Bati nitaweka. Zamu yangu ya mchezo inarudi.

Mnyaki wa Ipinda

Umenifikisha Matema bila nauli dada.

Binti Kurasini

Na usalama kwa mwanamke peke yake? Ulilipia zaidi popote kwa ajili ya usalama?

Shanta wa Tabata

Ndiyo, na nililipa kwa makusudi. Mzuzu nilichukua chumba changu mwenyewe cha 25,000 badala ya kitanda cha pamoja kwa sababu nilifika giza limeingia na sikupenda mazingira ya stendi. Lilongwe vivyo hivyo, na teksi hadi mlangoni. Kwa mwanamke, kufika usiku kuna bei yake, na bei hiyo nayo inakaa upande wa KUHAMA. Ukiweza kutoka alfajiri ukafika mchana, umeokoa hela na roho imetulia. Sikusumbuliwa na mtu zaidi ya maneno ya stendini. Nilivaa kitenge muda wote, nikasalimia watu kwanza: mulibwanji, na zikomo ya kushukuru. Kaskazini wanakosema Kitumbuka shukrani yao ni yewo. Salamu inashusha bei sokoni, nimeiona kwa macho.

Mwalimu wa Chanika

Kwa hiyo mtu akitaka Zambia, hesabu hii inahamishika?

Dereva Mstaafu

Nijibie hapo. Malawi ni nchi ndefu nyembamba, kama kilomita 850 toka juu hadi chini, na ziwa liko pembeni yake kwa sehemu kubwa. Zambia, kutoka Nakonde hadi Lusaka peke yake ni kama kilomita 1,000, na ukitaka kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) pale mji wa Livingstone ongeza kama 480. Kisha urudi. Kwa hesabu ya binti huyu, Zambia utakuwa na siku za KUHAMA nyingi hata ukiona sehemu mbili tu. Nchi upime kwanza kwa ramani, halafu ndipo uulize bei ya kitanda.

Shanta wa Tabata

Mzee amemaliza. Mimi ningeongeza tu kwamba mwenye wiki moja asikimbilie Cape Maclear. Kwenda na kurudi Lilongwe–Monkey Bay–Cape Maclear kulinila 76,000 ya nauli, na usiku mbili za Lilongwe, 60,000. Siku nne nzuri sana, lakini kila siku ilikuja na 34,000 ya njiani juu yake. Ningekuwa na wiki moja ningeishia Nkhata Bay.

Baba Wawili

Tumekaa na mama watoto, tumeamua Juni badala ya Desemba. Karonga na Nkhata Bay tu. Tumeanza kibubu.

Kipepeo Mweupe

Wakuu, naufufua uzi. Niko Nkhata Bay, leo siku ya sita, nimeingia Malawi na laki nane. Daftari langu lina pande mbili kama la dada Shanta. KUHAMA mpaka sasa 214,000, mzee Dereva alisema kweli, nimekuta foleni ya mafuta Mzuzu na nauli ya kuja huku imeongezeka siku hiyohiyo. KUKAA wastani 31,000. Nilikuwa nimepanga kesho niende Likoma, mwera umeanza tangu jana, boti zimekaa. Nimeongeza usiku tatu hapahapa. Dada Shanta, ile nazi uliipata upande gani wa soko?

Shanta wa Tabata

Ukiingia kwa njia ya juu, pita wauza viatu, kuna mama mzee anauza ndizi na mihogo, nazi hazipangi mezani, ziko kwenye gunia chini ya miguu yake. Muulize "kokonati", ukisema nazi hatakuelewa. Na mbuzi ya kukunia hana, azima jikoni hosteli, iko nyuma ya mlango.